Konokono wa Kitoweo: Boma Kwanza, Mfugo Baadaye

Mwaka 1962 ulipoanzishwa Mpango wa Ekari Milioni Moja, mashamba makubwa ya walowezi yalikatwa na kugawiwa wakulima wadogo. Wakulima wa Ndalu, Naitiri na Tongaren wanaijua habari hiyo vizuri. Lakini shamba alilopata baba siku zile limekwisha kugawiwa wana, na pengine wajukuu pia. Mahindi yangali yapo, lakini malisho ya ng'ombe yamepungua, na nyama katika sufuria imepungua pamoja nayo. Kwa hiyo yafaa tuzungumze habari za mfugo asiyehitaji hata robo ya ekari. Mfugo huyo ni konokono.

Huenda wengine watacheka. Lakini Ghana na Nigeria konokono ni kitoweo cha heshima sokoni, na Ufaransa huliwa mahotelini. Nasi wa magharibi ya Kenya, ambao hukimbilia kumbikumbi mvua zinapoanza, hatuna haki ya kumcheka mtu kwa sababu ya chakula chake. Nyama ya konokono ina protini na madini ya chuma, na mafuta yake ni machache. Tena kumbikumbi huja kwa majira, bali konokono aliyetunzwa hupatikana mwaka mzima. Lakini mtu ambaye dini yake yamkataza asilazimishwe.

Hatari ya konokono aliyetoroka

Kabla ya kusema namna ya kumfuga, hapana budi kusema hatari yake. Konokono mkubwa anayefugwa sana asili yake ni pwani ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1847 alifikishwa Calcutta, India, kutoka Mauritius, na tangu hapo ameenea katika nchi nyingi akila mimea ya watu. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Florida, Marekani, kutoka Hawaii na konokono watatu tu. Waliachwa bustanini. Baada ya miaka saba walipatikana zaidi ya 18,000, na kuwamaliza kuliigharimu Serikali zaidi ya dola milioni moja, hata ikafika mwaka 1975.

Fikiri basi itakuwaje wakiingia katika maharagwe na sukuma wiki ya jirani yako. Konokono hana haraka, lakini usiku mmoja wamtosha kupita chini ya ua. Ndiyo maana twasema: boma kwanza, mfugo baadaye.

Ruhusa

Kwa sheria ya Kenya konokono huhesabiwa katika wanyama wa porini, na mwenye kutaka kumfuga hana budi kupata kibali cha KWS, yaani shirika lile lile linalowatunza nzohe wa Saiwa Swamp karibu na Kitale. Nenda ukaulize kabla hujanunua hata konokono mmoja. Wa kuanzia nunua kwa mfugaji mwenye kibali. Usiokote wa porini wala wa kando ya shamba, kwa maana hujui wamekula dawa gani ya wadudu.

Sanduku

Anza na sanduku moja la mbao lenye upana wa futi 3 kila upande na kimo cha futi 2. Mbao zisiwe zimepakwa dawa. Toboa matundu madogo chini ili maji yasituame, kisha uyafunike kwa wavu wa waya. Tia udongo mwororo kiasi cha inchi 8, na juu yake majani makavu. Mfuniko uwe wa wavu wa matundu madogo, wenye bawaba na kufuli. Miguu ya sanduku isimame ndani ya mikebe yenye maji, ili siafu wasipande. Adui wengine ni panya, vyura, kuku na bata. Konokono wakubwa 10 watosha kwa sanduku hilo. Wakisongamana huugua na kudumaa.

Konokono hupenda joto na unyevu. Kitale iko juu ya futi 6,000, na usiku wake ni baridi kuliko wa Bungoma mjini. Mkulima wa Kitale aweke sanduku mahali pasipo upepo, kama vile nyuma ya jiko, na jioni alifunike kwa gunia. Toka Desemba mpaka Februari, wakati wa kiangazi, nyunyiza maji kila jioni. Pakikauka, konokono hujifungia ndani ya gamba lake akalala bila kula wala kukua. Lakini usifanye matope.

Chakula na chokaa

Mpe majani ya viazi vitamu, majani ya mpapai, kabichi, na maganda ya ndizi mbivu. Lisha jioni, na asubuhi ondoa mabaki kabla hayajaoza. Usimpe kitu chenye chumvi, maana chumvi humwua.

Bila chokaa gamba halikui. Wakulima wengi wa huku wamekwisha kuambiwa kwamba udongo wao una asidi na kwamba mahindi yanataka chokaa. Chokaa hiyo hiyo ya shambani, ikichanganywa kidogo katika udongo wa sanduku, yamfaa konokono. Maganda ya mayai yaliyotwangwa yafaa pia.

Mayai

Kila konokono ni dume na jike pamoja, ingawa huhitaji mwenzake ili kupandana. Mmoja aweza kutaga mayai 100 na zaidi kwa mara moja, akiyafukia udongoni. Hapa ndipo wafugaji wengi hushindwa. Chimbua mayai kila juma, ubakize yale tu ambayo una sanduku la kuwalelea watoto wake. Mengine yachemshe uwape kuku. Udongo wa zamani umwagie maji yanayochemka kabla ya kuutia bustanini kama mbolea, usije ukapanda konokono pamoja na kabichi.

Kupika

Konokono aliyelishwa vizuri huweza kuliwa kuanzia miezi sita hivi, lakini mahali pa baridi atachukua muda zaidi. Usimpe chakula siku mbili kabla ya kumpika. Mwoshe, mchemshe, mvute kutoka katika gamba, na tupa matumbo. Sugua nyama kwa chumvi na ndimu mpaka ute uishe, kisha uichemshe tena mpaka iive kabisa. Ndipo uikaange kwa vitunguu na nyanya, ile na ugali. Ujue kwamba nyama ibakiayo haifiki nusu ya uzito wa konokono mzima.

Usile konokono mbichi wala nusu mbichi hata siku moja. Aweza kubeba mnyoo utokao kwa panya, ambao ukimwingia mtu huweza kudhuru ubongo. Watoto wasimchezee, na kila amshikaye anawe mikono kwa sabuni.

Habari za fedha

Kumbukeni habari za kware za miaka ya 2013 na 2014. Watu walikimbilia vibali, wakanunua ndege kwa bei kubwa wakitazamia utajiri wa mayai. Wafugaji walipokuwa wengi bei ikaanguka, na mabanda yakabaki matupu. Konokono naye asije akafanywa hivyo. Soko lake katika Kenya ni dogo. Usikope fedha kwa ajili yake, wala usimwuze ng'ombe. Fuga kwanza kwa sufuria yako mwenyewe. Ukiona jamaa wanakula na kutaka tena, na mwaka mzima hakuna hata mmoja aliyetoroka, ndipo uongeze sanduku la pili.

Mwenye kutaka kujua zaidi na amwendee Bwana Shamba au Bibi Shamba wa wadi yake, na ofisi ya KWS iliyo karibu.