Je, Wajua? Damu Kwenye Mswaki

Je, wajua kwamba ufizi wenye afya hautoi damu ukiusugua kwa mswaki laini? Damu ikija kila asubuhi, usiulaumu mswaki. Mara nyingi ni utando wa bakteria uliojibanza pale jino linapokutana na ufizi. Wengi wetu tukiiona tunaacha kupiga mswaki "mpaka fizi zipone". Kwa kufanya hivyo tunawaachia bakteria nafasi ya kuzaana.

Je, wajua jambo hili lilipimwa kwa makusudi? Katika utafiti wa nchini Denmark uliochapishwa mwaka 1965, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia mswaki, fizi zilipona ndani ya wiki moja hivi.

Je, wajua kwamba utando usipoondolewa, chumvichumvi za mate huugeuza kuwa ugaga? Ugaga hautoki kwa mswaki, wala kwa mkaa, wala kwa mchanga wa ziwani. Hutolewa na mtaalamu wa meno kwa vifaa vyake.

Je, wajua meno ya mbele ya Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, yalichongwa yakawa na ncha kwa mila ya Wazanaki? Umbo la jino lilikuwa urembo na utambulisho. Lakini kinachoshikilia jino lenyewe ni ufizi na mfupa wa taya, na mfupa huo ukishaliwa na ugonjwa wa fizi haurudi wenyewe. Ndiyo maana watu wazima hung'olewa meno yasiyo na tundu hata moja: yamelegea tu.

Je, wajua madoa ya kahawia kwenye meno ya vijana wengi wa Kanda ya Ziwa si uchafu? Ni athari ya madini ya floridi, yaliyozidi katika baadhi ya visima wakati meno yanaumbika utotoni. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Kuyasugua madoa hayo kwa nguvu hakuyaondoi. Kunachubua fizi bure.

Je, wajua Waswahili wa Malindi waliwahi kuombwa tiba ya fizi? Vasco da Gama alipokuwa akirudi kutoka India, safari ya kuvuka bahari ilimchukua karibu miezi mitatu. Fizi za mabaharia wake zilivimba zikafunika meno hata wakashindwa kula, na watu wapatao 30 wakafa. Walipotia nanga Malindi Januari 1499, waliomba machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Ugonjwa wenyewe ni kiseyeye, upungufu wa vitamini C.

Kwa hiyo wenzangu wa Guta na mwambao wote wa Ghuba ya Speke, somo hili la vitamini C ni letu. Dagaa tunaowala na mifupa yao wana kalsiamu tele, lakini vitamini C msiitafute humo. Kamulia limao sufuria ikishaepuliwa, au malizia kwa pera. Mchicha uliochemshwa mpaka ukapondeka umeshapoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo.

Je, wajua kisukari na fizi huchocheana? Sukari ikipanda, fizi huoza upesi. Fizi zikiwa na uvimbe wa kudumu, sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Kutibu fizi kunasaidia kuishusha. Ajabu ni kwamba mgonjwa wa kisukari huulizwa habari za miguu na macho, na kinywa kikasahauliwa.

Je, wajua sigara huficha ugonjwa? Hupunguza damu inayofika kwenye fizi, kwa hiyo mvutaji haoni damu na hujidhania mzima. Ugoro unaobanwa mdomoni hufanya ufizi urudi nyuma, na mzizi wa jino ukabaki wazi.

Je, wajua mjamzito hutokwa damu kwenye fizi kwa sababu ya homoni? Si kweli kwamba mtoto tumboni "anakula" meno ya mama. Matibabu ya fizi yanaruhusiwa wakati wa ujauzito.

Je, wajua fenitoini, dawa ya kifafa, na nifedipini, ya shinikizo la damu, zinaweza kuotesha fizi zikafunika meno? Usiache dawa, mwambie daktari.

Je, wajua mswaki wa mti husafisha vizuri kama ule wa dukani, ukitafunwa hadi nyuzi zilainike na kupitishwa kwenye kila jino, upande wa ndani na wa nje? Ncha ngumu ndiyo inayojeruhi.

Sasa, ndugu msomaji: fizi zikitoa damu, endelea kupiga mswaki taratibu, asubuhi na usiku. Wiki mbili zikipita bila nafuu, nenda kitengo cha kinywa na meno, na hapohapo omba upimwe sukari. Usisubiri maumivu. Mara nyingi ugonjwa wa fizi hauumi mpaka jino limeanza kucheza.