Fukuto Katikati ya Baridi

Ndugu zangu wa Pwani mnaoijua Kaloleni ya huko kwetu, msidhani nazungumzia hiyo. Kaloleni ninayokaa mimi ni ya Nairobi, upande wa mashariki wa mji, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, na vyumba vyake ni vidogo hata mtu akipiga chafya jirani humwitikia. Julai baridi yake huingia mifupani. Ndiyo maana nilistaajabu, Julai ya 2023, kumwona mke wangu akiamka saa nane za usiku, akitupa blanketi na kufungua dirisha, kanga yake imelowa chepechepe kama aliyetoka kuvua uduvi.

"Mke wangu, una nini?"

"Joto tu, Baba Watoto. Lala."

Nikalala, na aibu yangu naisema hapa: nilidhani ananikimbia. Mwaka uliotangulia alikuwa amekatwa titi kwa saratani, akamaliza dawa za mshipani, nywele zikaota, nasi tukasoma maulidi ya shukrani. Sote tulihesabu kwamba maradhi yamekwisha. Lakini sasa alikuwa mkali kwa watoto, analala ukingoni mwa kitanda, na mambo ya mume na mke yalikuwa yamekatika. Mimi, mtunga mashairi ya mapenzi, nikanuna.

Kumbe ni kidonge. Saratani nyingi za matiti hulishwa na estrojeni, homoni iliyomo mwilini mwa mwanamke mwenyewe. Tamoksifeni hukaa ndani ya kufuli la homoni hiyo, basi ufunguo ukija hukuta tundu limezibwa. Asili yake ni kisa. Mwaka 1962 bibi mmoja mkemia wa Kiingereza, Dora Richardson, aliitengeneza katika maabara ya kampuni ya ICI, na iliyokuwa ikitafutwa ni dawa ya kuzuia mimba. Kwa panya ilizuia. Kwa wanawake haikufaa. Ikaelekezwa kwenye saratani, na mwaka 1973 ikaruhusiwa Uingereza. Mwanamke mwenye saratani ya aina hiyo akiitumia miaka mitano, hatari ya kufa kwayo hupungua kwa kadiri ya theluthi moja. Wengine huambiwa waendelee hata kumi.

Lakini mwili ulionyimwa homoni hulalamika. Huja fukuto na jasho, ukavu wa mahali pa siri, na moyo mzito. Wale waliokoma hedhi wakapewa anastrozoli au letrozoli huumwa viungo, na mifupa hupungua nguvu.

Hayo yote mke wangu alikuwa nayo moyoni. Daktari kijana akimwuliza, "Mama, unaendeleaje?" yeye hujibu, "Alhamdulillahi," kama alivyolelewa. Daktari akaandika kuwa mgonjwa hajambo. Ampe mwanamume wa umri wa mwanawe habari za chumbani? Kwetu mwanamwari ana somo wake, mtu mzima anayeambiwa yale asiyoambiwa hata mama mzazi. Huku mjini hakuwa naye.

Alipokuja dada yangu kutoka Mombasa ndipo yaliposemwa. Chini ya kanga, sandukuni, mlikuwa na vidonge vya wiki sita havijaguswa. Tena alikuwa ametokwa na damu, naye hedhi yake ilikwisha zamani. Akadhani imerudi, akaacha sala, akanyamaza. Chuoni tulifundishwa kutenga hedhi na istihadha, ila mwalimu hakutwambia kwamba na daktari apelekewe habari.

"Wifi yangu," dada alisema, "mficha uchi hazai. Kesho tunakwenda."

Wakaomba muuguzi mtu mzima, naye akawa ndiye somo. Damu kama ile, aliwaeleza, haingojwi hata wiki, kwa sababu tamoksifeni huweza kunenepesha utando wa tumbo la uzazi, na mara chache huleta saratani humo. Mguu mmoja ukivimba, au pumzi ikibana ghafula, ni kukimbilia hospitali siku hiyohiyo, kwani damu huweza kuganda. Alipimwa, akaonekana salama, akarejeshwa kwenye dawa.

Kwa ukavu alipewa mafuta ya kulainisha yasiyo na homoni. Kwa fukuto aliambiwa apunguze chai ya moto na pilipili za usiku, alale na kanga nyepesi ya pamba, na atembee kila siku. Ziko pia dawa za unyonge wa moyo ambazo kwa kipimo kidogo hutuliza joto hilo, lakini nyingine, kama paroksetini, huidhoofisha tamoksifeni. Hizo si za kujinunulia dukani. Na mitishamba yake ya Gikomba aliambiwa aitaje yote kwa daktari, asifiche hata mzizi mmoja.

Ilipofika Ramadhani ya 2024 aliuliza mwenyewe, bila ya dada. Kidonge ni kimoja kwa siku, akaruhusiwa kukimeza wakati wa daku, na saumu yake ikawa salama.

Jasho halijakatika, limepungua tu. Siku hizi huniamsha yeye mwenyewe: "Baba Watoto, limekuja." Mimi huchukua kipepeo nikampepea, dirisha liko wazi, baridi ya Nairobi inaingia, nami nimejitanda mablanketi mawili mpaka masikioni.