Tatizo la Istilahi "Mafuta Muhimu" katika Maandishi ya Ufugaji wa Kuku

Kuanzia Januari 1, 2006, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kutia antibiotiki katika chakula cha mifugo kwa nia ya kuikuza. Badala yake, watafiti wengi wamejaribu mafuta yenye harufu kali yatokayo katika mimea kama vile karafuu na zaatari. Maandishi juu ya jambo hilo yanapotafsiriwa kwa ajili ya wafugaji wa kuku wa mayai, mafuta hayo huitwa "mafuta muhimu". Makala haya yanaeleza kwa nini istilahi hiyo haifai.

Jina la kigeni la mafuta hayo lilitokana na neno la Kilatini essentia, yaani kiini. Lilikusudia kiini cha harufu ya mmea, wala halikuwa na maana ya ulazima. Kuku hutaga bila mafuta hayo, na hata matokeo ya majaribio hayafanani: mengine yameonyesha utagaji kuongezeka, mengine hayakuonyesha tofauti. Kwa upande mwingine, asidi ya linoleiki ni mafuta ambayo kuku hana budi kuyapata katika chakula. Yakipungua, mayai huwa madogo. Vitu hivi viwili vikiitwa "muhimu" katika kijitabu kimoja, msomaji atavitofautishaje?

Tumfikirie mfugaji wa Kibiti, au wa Nyamisati katika delta ya Rufiji, anayelisha kuku wake pumba za mpunga. Kwake, mafuta ni ya nazi au ya kupikia, nayo hupimwa kwa kikombe. Lakini mafuta tunayoyazungumzia hupimwa kwa miligramu. Kwa mfano, kipimo cha miligramu 100 kwa kilo 1 ya chakula ni gramu 5 tu kwa gunia la kilo 50. Tafsiri isiyomtahadharisha yaweza kumtia hasara ya fedha na ya kuku pia.

Ni istilahi gani basi ifaayo? "Mafuta ya kunukia" hayatofautishwi na mafuta ya nazi yaliyotiwa asumini. "Mafuta tete" yana kasoro pia: neno tete humkumbusha msomaji wa kawaida tetekuwanga, au kitu kisicho imara, kabla ya kumfikisha kwenye maana ya kugeuka mvuke upesi.

Lugha yetu inalo neno kukeneka, yaani kugeuza kitu kuwa mvuke na kuupoza uwe maji tena. Huko Wawi, Pemba, makonyo ya karafuu hukenekwa kiwandani ili kupata mafuta. Kwa hiyo tunapendekeza "mafuta ya mkeneko". Ni kweli kwamba mafuta ya maganda ya machungwa hupatikana pia kwa kukamuliwa. Hata hivyo, jina hufuata desturi iliyo kubwa, na mfasiri aweza kuongeza maelezo panapohitajika.

Aidha, mafuta hayo yasiitwe "kirutubisho", kwa sababu hayatiwi ili kumlisha kuku. Yafaa yaitwe "kiongezwa cha chakula". Kirutubisho kikikosekana, kuku hudhoofika. Kiongezwa kikikosekana, mfugaji huenda asipoteze kitu. Tofauti hiyo ndiyo anayohitaji kuijua kabla ya kutoa fedha zake, na ni wajibu wa mfasiri, mwalimu na bwana mifugo kuihifadhi katika maneno wanayoyatumia.