Zebaki katika Samaki: Mama Mjamzito Ale Yupi?

Katika kijiji cha Mkwaja, kilichopo pwani kati ya Pangani na Saadani, samaki ni kitoweo cha kila siku. Humpatia mama mjamzito protini, iodini na mafuta ya omega-3 yanayojenga ubongo wa mtoto aliye tumboni. Hata hivyo, samaki aweza pia kubeba zebaki, sumu inayoudhuru ubongo huo huo. Kwa hiyo, swali la kitabibu si iwapo mama ale samaki au aache, bali ni samaki yupi amfaaye.

Zebaki hufika baharini kutoka mbali. Hutoka katika moshi wa makaa ya mawe, na katika machimbo madogo ya dhahabu, kama yale ya Geita na Chunya, ambako huchomwa ili dhahabu ibaki. Mvuke wake husafiri angani, kisha huanguka majini. Huko bakteria huigeuza kuwa methilizebaki, nayo huingia katika vijidudu vya majini. Dagaa hula vijidudu, vibua hula dagaa, papa hula vibua. Kila hatua sumu huzidi kujilimbikiza. Kwa kuwa hushikamana na protini za mnofu, haiondoki kwa kuoshwa, kukaangwa wala kukaushwa. Papa mkavu, basi, hubaki na zebaki yake.

Madhara yake yalidhihirika Minamata, Japani, mwaka 1956, baada ya kiwanda cha Chisso kumwaga zebaki baharini. Watu walipoteza uwezo wa kuona, kusikia na kutembea. Baadhi ya akina mama walioonekana wazima walijifungua watoto wenye mtindio wa ubongo, kwani methilizebaki hupenya kondo la nyuma.

Tafiti za baadaye zilitoa picha pana zaidi. Katika Visiwa vya Faroe, ambako nyama ya nyangumi huliwa, watoto waliopata zebaki nyingi tumboni walionyesha udhaifu wa kumbukumbu na lugha. Shelisheli, katika Bahari yetu ya Hindi, akina mama walikula samaki wa baharini karibu kila siku. Watoto wao wakafuatiliwa kwa miaka mingi bila madhara ya wazi kuonekana. Watafiti wanaona kuwa virutubisho vya samaki huenda vilichangia kuwakinga.

Kwa mama wa Mkwaja, ushauri ni huu: ale dagaa, vibua na tasi mara mbili au tatu kwa wiki, na aepuke papa na sulisuli. Asisubiri mimba itunge. Zebaki iliyomo katika damu huchukua takriban siku 50 kupungua kwa nusu. Hivyo anayetarajia kushika mimba yampasa kuacha papa miezi kadhaa kabla. Anayenyonyesha na mtoto mdogo wafuate utaratibu huo huo.