Sura ya 5: Maji Kabla ya Ufagio

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Septemba, katika darasa la shule ya msingi huko Kikula, Likasi. Mvua imekatika tangu Aprili, na hii ijayo watu wanaitazamia Oktoba. Wanafunzi wanne wa zamu wameinamia fagio za majani, wanafagia kwa bidii kutoka ubaoni kuelekea mlangoni. Jua linalopenya dirishani linaonyesha kazi yao inakwenda wapi: wingu jekundu linapanda magotini, kiunoni, hadi usoni. Mmoja amejiziba pua kwa ukosi wa shati. Baada ya dakika kumi sakafu ni safi, mwalimu ameridhika, kengele inalia. Vumbi lote liko hewani, kwenye kimo kile kile cha vichwa vya watoto wanaoingia.

Chembe ya vumbi haianguki kama jiwe. Ile kubwa, ya mchanga unaousikia chini ya kiatu, hutua papo hapo. Ndogo yenye upana wa mikromita 10, yaani sehemu ya mia moja ya milimita, huchukua kama dakika tano kushuka mita moja katika hewa iliyotulia. Ya mikromita moja huchukua kama saa nane. Na hewa ya darasani haitulii kamwe, maana watoto wanaingia, wanatoka, wanasukumana kwenye madawati. Kwa hiyo vumbi laini lililoinuliwa kabla ya kengele ya kwanza bado linaelea wakati watoto wa zamu ya asubuhi wanawapisha wa zamu ya mchana. Na hilo laini ndilo linalofika mapafuni. Lile kubwa huishia puani, mtoto akapiga chafya, likatoka.

Mahali pengine ningeishia hapo, nikashauri ufagio uloweshwe, nikaendelea na sura nyingine. Likasi hairuhusu haraka hiyo, kwa sababu ya kilichomo ndani ya vumbi lenyewe.

Mji huu umezaliwa na shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na Wabelgiji waliuita mji Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo. Jina la Likasi lilirudi mwaka 1966. Shituru, penye mitambo ya kusafisha shaba, si kijiji cha mbali: ni moja ya komuni nne za mji, pamoja na Likasi yenyewe, Kikula na Panda. Shaba ya huku haiji peke yake ardhini. Imefuatana na kobalti, na penginepo urani. Shinkolobwe, machimbo yaliyotoa urani ya bomu la Hiroshima, hayako mbali na mji. Kilichochimbwa, kikasagwa, kikachomwa na kumwagwa kwa karne nzima hakikuondoka chote kwa treni. Sehemu yake iko barabarani, na kutoka barabarani inapanda viatu vya mtoto hadi darasani.

Hili limepimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo wa watu 351 wa kusini mwa Katanga na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Kobalti waliyoikuta ilizidi yote iliyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote duniani. Kati ya watoto wa chini ya miaka 14 waliokaa umbali usiofika kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda, 87 katika kila 100 walivuka kiwango ambacho Marekani hukitumia kumkinga mfanyakazi wa kiwanda cha kobalti. Hao ni watoto ambao hawajawahi kushika sururu. Mwaka 2018 timu hiyo ikaandika tena, safari hii kuhusu Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti ndani ya viwanja vyao: watoto wa hapo walikuwa na kobalti mwilini takriban mara kumi ya watoto wa mtaa wa jirani usio na machimbo.

Mtoto huyapata madini haya kwa wingi kuliko mtu mzima, na sababu ni za kawaida kabisa. Ni mfupi, yuko karibu na sakafu. Kwa kila kilo ya mwili wake huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima. Na vidole vyake havikai mbali na mdomo: ameokota kalamu chini, ameilamba, amekula andazi bila kunawa. Ng'ambo ya mpaka, Kabwe nchini Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994, na hadi leo watoto wa mitaa ya jirani wanapimwa damu kwa sababu ya udongo wa uani. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kwa madini ya risasi hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kobalti nayo inajulikana kuamsha pumu. Kwa hiyo mwalimu wa Shituru akiuliza kwa nini watoto wa safu ya mbele wanakohoa kila Septemba, aanze na ufagio.

Dawa ni maji. Vumbi likilowa hushikana, chembe ndogo zikawa bonge ambalo haliwezi kupaa. Lakini kila anayekaa Likasi atanijibu mara moja: maji yapi? Bomba la REGIDESO halitoki kila siku, na kuna shule ambako watoto huja na kidumu kutoka nyumbani. Jibu hilo ni la haki, na ndiyo sababu nasisitiza tambara lenye unyevu, si sakafu iliyofurika. Darasa moja laweza kupigwa deki kwa ndoo mbili. Ya kwanza ina maji na sabuni kidogo, ya pili maji matupu ya kusuuzia. Tambara lichovywe katika ya kwanza, likamuliwe hadi lisidondoke, lipite sakafuni kwa mstari mmoja bila kurudi nyuma, lisuuzwe katika ya pili, likamuliwe, ndipo lirudi kwenye sabuni. Mwenye ndoo moja huanza vizuri, lakini kufikia safu ya tatu ya madawati anapaka tope jembamba, nalo likikauka ni vumbi lile lile.

Pasipo maji hata ya ndoo mbili, kuna njia ya zamani ninayoipenda kuliko zote. Omba unga wa mbao kwa fundi seremala, ule anaoutupa au kuuchoma. Unyunyizie maji kiasi cha kulowa bila kuchuruzika: ukiufinya mkononi ushikane, ukiuachia uachane. Tawanya viganja vichache chini, kisha fagia taratibu, ufagio usiinuke sana. Unga unalivuta vumbi na kwenda nalo hadi mlangoni. Kikombe kimoja cha maji kinafanya kazi ya ndoo.

Zamu nayo ihamishwe. Darasa lisafishwe watoto wa mwisho wakishatoka, madirisha yakiwa wazi, ili kinachopaa kipate usiku mzima wa kutua. Asubuhi tambara lenye unyevu lipite juu ya madawati na kingo za madirisha tu. Sikubaliani na wanaotaka watoto wasiguse kabisa usafi wa shule yao. Kutunza mahali unapokaa ni sehemu ya malezi, na wazazi wengi wa Likasi watasema hivyo hivyo. Lakini kumpa mtoto wa miaka tisa ufagio mkavu katika mji huu ni kumpa kazi ya kiwandani bila barakoa. Apewe tambara, na akimaliza anawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Gunia lililoloweshwa mlangoni, la kufutia viatu, huokoa nusu ya kazi.

Sasa javeli. Jina hilo tunalolitaja kila siku linatoka Javel, kijiji kilichokuwa pembeni mwa Paris, ambako mwishoni mwa karne ya 18 dawa hii ilitengenezwa kufuatia ugunduzi wa Berthollet, kwa ajili ya kung'arisha vitambaa. Inaua vijidudu kwelikweli, na katika mji unaoijua kolera hakuna anayeweza kuidharau. Lakini haiondoi vumbi, na madini haiyagusi kabisa: kobalti iliyomwagiwa javeli ni kobalti ile ile, imelowa tu. Kadhalika uchafu huimaliza nguvu kabla haijafika kwa kijidudu, kwa hiyo sabuni na maji hutangulia. Kwa chupa ya asilimia 5, kipimo kimoja kwa vipimo 49 vya maji kinatosha vitasa na madawati. Kimoja kwa 9 ni cha damu au matapishi. Ichanganywe kwa maji baridi, siku ile ile, ikae mbali na jua, la sivyo kesho unapaka maji yenye harufu.

Na isichanganywe na kitu kingine. Ikikutana na siki, ndimu au asidi ya chooni hutoa klorini, gesi ambayo Wajerumani waliifungulia askari wa Ufaransa huko Ypres mwaka 1915. Ikimwagwa kwenye choo chenye mkojo mwingi hutoa gesi nyingine inayochoma macho na koo. Anayesafisha choo cha shule, mara nyingi mama mmoja kwa mamia ya watoto, hudhani kikohozi kile ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Aambiwe kwa heshima: Mama, mwaga maji kwanza, sugua kwa sabuni, suuza, halafu ndipo utie javeli, mlango ukiwa wazi.

Kuna swali moja ambalo miongozo iliyoandikwa kwa miji mingine hailigusi: maji machafu ya deki yanakwenda wapi? Mazoea ni kuyamwaga chini ya mwembe au kwenye bustani ya mboga za majani, kwa nia njema ya kutopoteza maji. Katika mji huu ni kurudisha madini kwenye sahani. Lichimbwe shimo dogo kwenye kona wasikochezea watoto, mbali na kisima, likiwa na mfuniko. Maji na unga wa mbao uliotumika viishie humo. Takataka za kufagiwa zisichomwe, kwa maana moshi haubagui karatasi na vumbi.

Direkta anayetaka kujua kama haya yote yana faida hahitaji maabara. Ijumaa jioni achukue kipande cha kitambaa cheupe, akiloweshe, apitishe mara moja juu ya kabati la vitabu, pale ufagio usipofika. Cha kwanza kitatoka na rangi ya tofali. Akibane ukutani kwa pini, aandike tarehe chini yake, na Ijumaa ifuatayo abane cha pili pembeni.