Krismasi Masasi inataka filamu ya zamani

Desemba katika Chidya na vijiji vingine vya Masasi na Newala ni mwezi wa watu kurudi nyumbani. Shule zimefungwa, minada ya korosho imeshawatia wengi fedha mkononi, na mabasi kutoka Dar es Salaam yanashusha wajukuu ambao bibi zao hawajawaona tangu mwaka jana. Ndani ya mabegi, pamoja na nguo za sikukuu, zimo flashi na memori kadi zilizojazwa filamu mpya: za Kikorea, za Kihindi, za Marekani, nyingi zikiwa zimetafsiriwa kwa Kiswahili na madijei. Ubishi wa jioni ya Krismasi huanzia hapo. Iwekwe hiyo mpya, au ile ya mchekeshaji King Majuto ambayo kila aliyemo sebuleni ameshaiona? Makala haya yanamuunga mkono anayemtaka Majuto, na sababu zake hazitokani na mazoea peke yake.

Filamu mpya inadai ukimya, na ukimya ndicho kitu kisichopatikana siku hiyo. Kanisa la Anglikana lilifika Masasi mwaka 1876 kupitia shirika la wamisionari la UMCA, kwa hiyo Krismasi ya huku ilishajijengea taratibu zake kabla hata sinema haijabuniwa: ibada, pilau, kutembeleana, majirani Waislamu kukaribishwa mezani. Mgeni anabisha hodi, mtoto analia, mama anaitwa jikoni. Kwa filamu mpya kila hodi ni kero, na aliyetoka dakika kumi akirudi hajui tena nani kamsaliti nani. Ya zamani unaiacha, unapakua wali, unarudi unaikuta palepale ulipotarajia. Bibi asiyeona vizuri anacheka kabla kituko hakijatokea, mjukuu naye anayatamka maneno ya mwigizaji kwa sauti bila kugombezwa na mtu. Umeme ukikatika, watu wanamalizia hadithi wenyewe.

Tena filamu haizaliwi ikiwa ya sikukuu. Wamarekani wanayo It's a Wonderful Life, iliyotoka mwaka 1946 na isiyolipa vizuri kwenye majumba ya sinema. Mwaka 1974 haki zake hazikuhuishwa, vituo vya televisheni vikapata nafasi ya kuirusha karibu bure, vikairudia kila Desemba mpaka kizazi kizima kikakua nayo. Kilichoifanya ipendwe kiasi hicho, pamoja na ubora wake, ni kurudiwa. Pwani yetu ilishalijua jambo hilo. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa na kurudiwa Zanzibar na Dar es Salaam na watu wasiojua Kihindi, waliokwenda kuimba pamoja nyimbo walizokwisha kuzishika kichwani.

Utoto wa huku nao una orodha yake ya filamu. Tanganyika ilikuwa na filamu za Kiswahili tangu miaka ya 1950, na katika Muhogo Mchungu aliigiza Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Lakini televisheni ya Tanzania Bara ilianza mwaka 1994 tu, na kwa kijiji kisicho na umeme mwaka huo haukubadilisha kitu. Wengi walio watu wazima leo walilelewa na kibanda umiza cha video: jenereta nje, mabenchi ndani, Commando ya Schwarzenegger, Jackie Chan, na sauti ya dijei Lufufu juu yao wote. Lufufu hakuwa mkalimani wa neno kwa neno. Alieleza, alitania, alimsuta adui, na steringi wa Hollywood akawa kama kijana wa Manzese. Baadaye ikaja filamu ya Kitanzania Girlfriend ya mwaka 2003, akaja mwigizaji Steven Kanumba na filamu kama Uncle JJ, na vichekesho vya Majuto vikaenea hadi vibanda vya vijijini.

Yapo ya kujibiwa. Watasema watoto wanataka mpya, na ni kweli. Lakini wana siku zote za likizo za kuitazama kwenye simu, kila mmoja kwenye kona yake. Jioni moja ya watu wote haiwanyimi kitu. Watasema filamu hizo za zamani zina sauti mbovu na taa hafifu. Zinazo, na baadhi ni ndefu bila sababu. Hoja nzito zaidi ni ya wasanii wenyewe: mwaka 2017 watu wa Bongo Movie, yaani filamu za Tanzania, waliandamana Kariakoo wakilalamika kwamba filamu za nje zinauzwa bila kulipiwa kodi na kuua soko lao. Walikuwa na haki, maana kazi nyingi za madijei zilitoka bila ruhusa ya wenye hakimiliki. Basi hiyo ni sababu ya kuwatanguliza Kanumba na Majuto sikukuuni kuliko Commando. Wala haiwi sababu ya kukimbilia mpya, ambazo nyingi kwenye flashi zile zimepatikana kwa njia ileile.

Tatizo ni kuzipata. Kanumba alifariki Aprili 2012, Majuto Agosti 2018, na kazi zao nyingi zilitoka kwenye kaseti na CD zinazochakaa, huku mashine za kuzichezea zikizidi kuadimika. TBC na chaneli ya Sinema Zetu ya Azam wanaweza kuchagua filamu moja ya Kiswahili, wakawalipa wenye haki, wakairusha jioni ya Desemba 25 mwaka huu, mwakani na mwaka utakaofuata. Nawe msomaji wa Chidya, Newala au kokote, kama sandukuni kuna mkanda wa zamani, umpe kijana anayerudi mjini akauhamishie kwenye flashi kabla ukungu haujaumaliza.