Maniema: Bwawa la samaki ni msaada, lakini mto usisahauliwe

Mto Luama unapita Kabambare na kuingia Lualaba kabla maji hayajafika Kasongo. Kwa hiyo maji yakichafuliwa juu, mvuvi wa chini naye anaumia.

Wagenya, watu wa Lualaba, walikuwa wakileta samaki kwenye soko la Nyangwe, wilayani Kasongo, tangu kabla David Livingstone hajafika pale mwaka 1871. Kwao mto ni urithi.

Leo mabwawa ya tilapia yanaweza kuupumzisha mto, unaoumizwa na nyavu za matundu madogo zinazomaliza watoto wa samaki. Lakini asiye na shamba atachimba bwawa wapi? Tena bwawa likipasuka wakati wa mvua, samaki wa kigeni wanaingia mtoni na kugombania chakula na samaki wa asili.

Kwa Watwa, Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inatambua haki zao juu ya ardhi na mali ya asili wanayotumia tangu zamani. Basi kabla ya kufunga kijito ili kujaza bwawa, wanaoishi kwa kijito hicho waulizwe kwanza.